Hitima ya Sijaona wa Bandarini

Maskati, 4 Februari 2024

Mjomba wangu mpenzi Obeid,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, na naomba Mungu barua hii ikukute kikohozi kimekuaga. Huku baridi yao imekwisha, ile ambayo wao wanavaa masweta na mimi natembea na mtandio tu. Kazini bado nachora maboksi ya halua na kadi za harusi za watu nisiowajua. Mwambie Mama ile kahawa imefika, na picha aliyoificha katikati ya kahawa imefika pia. Kahawa ni nzuri.

Najua utauliza kwa nini nakuandikia kwenye karatasi. Ulishaniambia mwenyewe kuwa simu ni ya misiba na bei ya sukari, na mambo ya vitabu yanataka wino. Basi wino ndio huu, umebebwa na Seifu katika sanduku lake la manukato, kwa hiyo usishangae barua ikinukia.

Jambo lenyewe ni Sijaona. Mjomba, yule binti wa vitabu vyako yuko majini tangu kitabu cha nne. Ulimrusha mwenyewe kutoka juu ya meli ya mizigo, ameikumbatia friji ya chanjo iliyoibwa zahanati, na mwizi Loïc anamvuta mguu. Ukaandika "akazama", ukaweka nukta, ukaenda zako. Sasa ni miaka sita. Wasomaji wako waliokuwa wanafunzi wa shule ya msingi wana ndevu. Salvator mchapaji ameniandikia kwamba vitabu vyako vimejaa ghalani kwake kwa sababu hakuna anayenunua hadithi isiyo na mwisho, na kama cha tano hakiji mwaka huu atawapa wauza karanga wafungie. Hayo ni maneno yake, usinikasirikie mimi.

Mimi nataka kuiendeleza hadithi kwa picha. Kazini kuna dada wa Kifilipino, Carmen, amenifundisha namna ya Wajapani ya kuchora hadithi, wanaiita manga. Usiniambie Manga ni huku Arabuni na ndiko kwetu sote, hii ni nyingine. Watu wake wana macho makubwa, na mtu akikimbia hata hewa hupigwa mistari. Nimekuwekea ukurasa mmoja wa mfano. Wewe toa hadithi, mimi nitachora. Swali langu ni moja tu: Sijaona anatokaje majini?

Mpwa wako,
Hiba


Buyenzi, Bujumbura, 2 Machi 2024

Kwa mpwa wangu Hiba,

Waaleikum salaam warahmatullah. Barua imefika na imenukia nyumba nzima, hadi fundi baiskeli wa jirani akaja kuuliza nani anaoa. Sisi tu wazima. Mama yako goti linamsumbua kila mvua ikinyesha, na mwaka huu mvua haina adabu. Ziwa limepanda mpaka watu wa ufukweni wanahamisha makochi. Anakusalimu na anauliza kama ile picha umeitazama vizuri. Kijana anaitwa Azhar, kwao ni Kiriri kule mlimani, wana duka la vipuri mjini, na inasemekana ana heshima. Mimi nimetumwa tu.

Ukurasa wako nimeukagua kama nilivyokagua mizigo ya watu miaka yote niliyokuwa wakala wa forodha bandarini, na mzigo huu, mwanangu, haupiti. Macho ya Sijaona ni makubwa kuliko mdomo wake. Mtoto aliyekulia bandarini, jua lote lile juu ya maji, macho yake ni ya kufinya. Pua nimeitafuta kwa miwani sikuipata. Nywele zimepeperuka kushoto na moshi wa meli unakwenda kulia. Upepo huo umeingia nchini kwa hati gani? Halafu maneno. Mimi nilitumia kurasa kumi na moja kueleza alivyopanda ile ngazi ya meli. Nilieleza kutu, nikaeleza harufu ya samaki wa mukeke waliokaushwa, nikaeleza alivyomkumbuka marehemu baba yake. Wewe umeandika "tap, tap, tap". Baba yake yuko wapi katika hizo tap?

Hata hivyo damu nzito kuliko maji. Nakuruhusu uchore mpaka pale anapogusa ziwa. Hapo forodha inafungwa. Kuhusu swali lako la mwisho, karatasi imeniishia.

Mjomba wako,
Obeid


Maskati, 21 Aprili 2024

Mjomba,

Idi imepita, Mungu atutakabalie sote. Huku nilialikwa nyumba tatu na kila nyumba wakaniuliza nimeolewa lini. Mwambie Mama kwamba joto limeanza.

Umeandika karatasi imekuishia, na chini ya maneno hayo palikuwa na nusu ukurasa mweupe. Sitakubana. Ila mimi si mtoto tena. Najua kitabu cha nne kilitoka mwezi gani, na najua Bi Siti, mke wako, alifariki mwezi gani baada yake. Hilo nimelisema mara moja na sitalirudia, nisije nikakuvunjia heshima.

Nakutumia kijitabu cha majaribio. Nimekichapa hapa kazini bosi alipokwenda Umra. Kinaanza Loïc akiwa mgahawani anakunywa chai na kupanga wizi, kinaishia Sijaona akiwa chini kabisa ya ziwa. Pua nimeweka. Upepo nimeurekebisha, sasa kila kitu kinapeperuka upande mmoja. Baba yake nimemtia kama kivuli kwenye ngazi, chungulia utamwona. Uso wa Loïc nimeuazima mahali, usijali ni wapi.

Jambo muhimu kuliko yote: hizi za Kijapani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama msahafu. Anzia upande ambao wewe, kwa shule yako ya Kifaransa, ungeuita mwisho. Ukianzia upande mwingine hutaelewa kitu.

Na bado nauliza. Anatokaje?

Hiba


Buyenzi, 20 Mei 2024

Hiba,

Salamu tumezikosa kwa sababu barua haikufika. Seifu ameleta kijitabu peke yake. Barua anasema aliitia kwenye mfuko wa koti, na koti liko Dar es Salaam kwa dobi. Mama yako goti lake ni lile lile. Mimi kikohozi kilikuwa kimekwisha, kimerudi kwa ajili yako.

Nilikuruhusu mpaka majini. Wewe umeanzia ndani ya maji. Nafungua ukurasa wa kwanza, mtoto yuko chini kabisa na friji yake. Nafunua, yupo juu kidogo. Nafunua tena, anaruka kutoka ziwani, miguu mbele, kinyumenyume, mpaka juu ya sitaha ya meli, na amekauka. Hata paka hawezi. Loïc naye, badala ya kumvuta mguu, anamwachia kwa adabu, anashuka ngazi kwa kurudi nyuma na friji mabegani, anavuka bandari nzima, anaifikisha zahanati, anaiweka mahali pake na kufunga mlango kwa funguo ambazo si zake. Mwishoni anakaa mgahawani anakunywa chai kama haji. Hadithi gani hii? Mwizi ametubu bila sababu, mtoto ameokoka bila mwokozi, na wauguzi hawajui kilichotokea. Miaka yote nimewafundisha vijana kwamba kila tendo lina chanzo chake, na wewe umenitia aibu kwa kitabu kimoja.

Lakini hilo silo lililonichoma. Lililonichoma ni kwamba umemtoa bila kuniuliza. Nilikaa na kijitabu mapajani, nikaona kichwa chake kinatokeza juu ya maji, na kabla ya hasira ilikuja furaha. Ilikuja yenyewe, sikuiita. Furaha hiyo ndiyo iliyonikasirisha kuliko yote, kwa sababu haikuwa yako kunipa.

Usichore kitu kingine.

Obeid


Maskati, 9 Juni 2024

Mjomba wangu,

Nakuandikia kwa haraka, mtu anaondoka leo kupitia Kigali na amekubali kubeba karatasi moja.

Umekisoma kinyume. Kinaanzia kulia. Niliandika hayo katika barua iliyobaki kwa dobi. Nilicheka hadi Carmen akaniletea maji, kisha nikafika kwenye mstari wa ile furaha yako, na kicheko kikakatika.

Nisamehe, Mjomba. Sikumtoa. Bado yuko chini.

Hiba


Buyenzi, 14 Julai 2024

Mwanangu Hiba,

Salamu nyingi kutoka kwa wote wa nyumbani, na mwaka huu sijui nikuambie nyumbani kuna wangapi, kwa maana tumekuwa na wageni wengi. Barua zako zote mbili nimezipata, ile ya dobi ikiwa imepigwa pasi. Nakubali kosa langu. Sasa kaa chini, chukua chai, maana hili ninalokueleza si la kusoma umesimama.

Baada ya kukuandikia kwa hasira nilikiacha kijitabu mezani. Mama yako akakiona. Hana habari na mambo ya Wajapani. Aliona kitabu kinachofunguka kulia. Akakishika kwa mikono miwili, akakibusu, akakikunja katika kitambaa cha kijani na kukipandisha juu ya kabati, pamoja na msahafu. Mimi nilidhani kimepotea, na sikukitafuta.

Alhamisi moja wakaja wanawake wa kisomo chao. Mama yako akawashushia kitabu kipya, akasema kimetoka Maskati. Wote walikuwa na udhu. Bi Mwanvua, yule jirani anayesuka mikeka, akakifungua, akamwona Loïc na chai yake, akasema siku hizi wanaweka picha ili kuwasaidia wazee. Mama yako akatazama uso wa Loïc na kupiga kelele ya furaha. Hiba, mwizi wako ana sura ya Azhar wa Kiriri, hadi kile kidevu. Mama yako anasema ni dalili njema, mtu humchori kidevu namna ile kama humfikirii. Mimi nimetumwa tu.

Wakaendelea. Kwa kuwa wao wamezoea kusoma kutoka kulia, waliiona hadithi yote ilivyo: wizi, ngazi, mtoto anaanguka, mtoto anazama. Wakafika ukurasa wa mwisho, Sijaona kule chini na yale macho yako ya Kijapani. Nilirudi kutoka msikitini nikakuta wanafuta machozi kwa ncha za vitenge.

Bi Mwanvua akaniambia, "Uyu mutoto ameshakufa. Angalia macho."

Nikasema hajafa, na hajawahi kuishi, ni mtu wa kitabu, nilimtunga mimi mwenyewe pale kwenye kile kiti.

"Ndiyo vile tunasema," akajibu. "Ni we ulimufanya. Iko ndani ya maji tangu miaka sita, mutoto wa Kiislamu, na apana hata yasini moja. Nani mwingine atamusomea?"

Nimewahi kuwajibu maofisa wa forodha wa nchi nne, lakini hawakuwa Bi Mwanvua. Kufika alasiri siku ya hitima ilikuwa imepangwa.

Mwanangu, walikuja. Turubai lilifungwa mpaka kwa fundi baiskeli. Makuli wa bandarini walikuja kwa sababu kitabu cha pili kinawataja vizuri, na wale Wakristo miongoni mwao wakakaa nje kwa heshima, wakipuliza moto wa masufuria. Salvator alifika amevaa suti, na rambirambi katika bahasha, yeye aliyetaka kumfungia karanga. Azhar naye alishuka kutoka Kiriri na gunia la mchele ndani ya gari. Amesikia yumo kitabuni na hajaambiwa yumo kama nani. Mzee Ilias, mwenzangu wa msikitini, aligawa juzuu, kila mtu na yake.

Mwalimu wa chuo cha Kurani ni mgeni, ametoka Rumonge juzi juzi. Yeye aliambiwa tu kwamba kuna binti wa Mzee Obeid aliyepotelea ziwani. Nilitaka kumweleza, lakini kila nikianza mtu ananishika mkono na kunipa pole. Kisomo kikaisha. Mwalimu akainua mikono kwa ajili ya dua, akaniuliza jina la marehemu. Nikasema Sijaona. Akauliza, binti nani? Unajua kwamba mimi na mke wangu hatukujaliwa mtoto.

Sauti ya Bi Mwanvua ikatoka nyuma ya pazia la wanawake. "Binti Obeid. Na mama yake ni Siti."

Hiba, siku Siti alipofariki mimi nilipokea watu. Nilipanga viti, nikatafuta gari la makaburini, nikahakikisha maji ya udhu hayaishi. Sikulia. Watu walinisifu wakasema Obeid ana subira. Haikuwa subira, nilikuwa namtoa mke wangu kama nilivyokuwa natoa mizigo, karatasi baada ya karatasi, nisipate nafasi ya kuangalia ndani. Sasa mbele ya pilau ya mtoto asiyekuwepo, jina la Siti likatajwa, nikalia. Nililia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa asubuhi ile. Mzee Ilias akanishikia kofia isianguke kwenye sinia. Mwalimu akasema hakika hakuna uchungu kama wa mtoto, na watu wote wakaitikia, na hakuna aliyecheka.

Uliniuliza mara mbili nikajifanya kiziwi. Siti nilikuwa namsomea kila sura kabla wino haujakauka. Yeye anachambua mchele, mimi nasoma. Sura asiyoipenda alikuwa anauchambua kwa kelele. Alinisikiliza mpaka Sijaona alipozama, akasema, "Leo apana kulala, nitamuwaza." Hakusikia sura nyingine. Ningemsomea nani namna mtoto anavyotoka? Nikamwacha kule chini. Nilihisi kwamba akiwa kule, hakuna kilichokwisha.

Sasa nataka atoke. Nalisema wazi, nataka. Lakini nimechelewa. Nilipowaambia majirani, Mzee Ilias alisema pilau iliyoliwa haitapikwi, na Bi Mwanvua anasema mtoto aliyesomewa akirudi nyumbani hayo ni mambo ya mapepo, yeye mtaa wake hautaki. Nikimtoa nitakuwa nimewadanganya watu walioacha kazi zao kuja kunifariji. Nikimwacha, Salvator anamfungia karanga huku amevaa suti yake. Nishauri.

Mjomba wako anayekupenda,
Obeid


Maskati, 6 Agosti 2024

Mjomba wangu,

Barua yako nimeisoma kwanza nikiwa nimesimama, nikakutii nikakaa. Carmen hajui Kiswahili lakini alikaa karibu yangu bila kuuliza kitu.

Nililia kwa ajili ya Bi Siti, na nafurahi kwamba umelia. Haya ndiyo niliyokuwa nayo moyoni tangu barua ya kwanza. Vitabu vilikuwa kisingizio nusu na nusu kweli. Mwambie Mama kahawa imekwisha, alete nyingine, na safari hii asitie kitu ndani.

Ushauri ninao mdogo. Hitima ni dua, si kufuli. Waliokuja walimwombea mema, na sidhani kuna mahali pameandikwa kwamba aliyeombewa mema haruhusiwi kufika nyumbani. Majirani hawakatai Sijaona kutoka. Wanakataa kudharauliwa machozi yao. Tafuta namna atakayotoka bila machozi hayo kuwa bure. Hiyo mimi siijui, mimi najua kuchora mistari ya hewa. Wewe ndiye baba yake, imeshasemwa mbele ya watu.

Kalamu ninayo mkononi.

Hiba


Buyenzi, 10 Septemba 2024

Mwanangu Hiba,

Amani iwe nawe huko uliko. Goti la Mama yako limetulia, mvua zimetupa likizo. Kahawa iko kwa Seifu. Mimi nimeikagua mwenyewe na nathibitisha hamna picha, ila Mama yako alinitazama vibaya.

Anatoka hivi. Miaka yote hii wasomaji walidhani friji ndiyo inayomzamisha. Nami nilidhani hivyo, nikasahau kazi yangu. Friji iliyofungwa ina hewa ndani. Nimeona friji zikianguka kutoka melini na kuelea mpaka Uvira, ng'ambo ya ziwa, kama zinakwenda kutembea. Anayemzamisha ni Loïc. Loïc akiishiwa pumzi atamwachia mguu, na friji itampandisha mtoto juu yenyewe. Huyo mwizi muokoe pia, aopolewe na wavuvi, Mama yako ameniomba.

Mawimbi yanamsukuma mpaka upande wa Kanyosha. Anatokea chini ya mashamba ya mihogo, ambako mama mmoja analima. Mama yule haulizi kitu, anampa kitenge cha kujifunga. Sijaona anaifikisha friji zahanati kwa kirikuu, kile kigari cha mizigo cha muuza mboga, kisha anapanda mjini kwa miguu. Anafika Buyenzi na kukuta turubai na viatu vimejaa mlangoni. Anasema moyoni, maskini, wamefiwa. Anavua viatu vyake vilivyolowa, anaingia kimya na kukaa nyuma kabisa upande wa wanawake, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Dua inaombwa. Anainua mikono. Mwalimu anamtaja marehemu, na Sijaona anaitikia amina pamoja na watu wote, kwa moyo safi, kabla hajasikia vizuri jina lililotajwa.

Niliwasomea hayo Alhamisi, wanawake wakiwa upande wao na Mzee Ilias na wenzake upande wetu. Niliogopa kuliko siku ya mtihani wa forodha. Bi Mwanvua akavuta ukindu wa mkeka wake.

"Hapo sawa," akasema. "Kama yeye mwenyewe amesema amina, donc hitima imepokelewa. Anaweza kuingia."

Mzee Ilias alitaka kujua kama pilau ya kitabuni itakuwa na nyama. Nikamwambia ipo. Akaridhika.

Chora, mwanangu. Maneno tumia machache unavyopenda.

Obeid


Maskati, 2 Oktoba 2024

Mjomba,

Salamu zangu zote kwako na kwa Mama. Sina habari za kusimulia, nimekuwa nikitoka kazini na kuchora, nikiamka nachora. Carmen amenisaidia kujaza weusi. Kurasa zote zimo ndani ya bahasha hii, na Seifu ameapa kutozitia mfukoni.

Mwambie Mama kwamba Azhar ameniandikia mwenyewe. Amegundua yeye ni nani kitabuni. Hakukasirika, ameuliza tu kama Loïc anaweza kutubu katika kitabu cha sita, na kama kidevu kinaweza kupunguzwa. Sijamjibu. Nilicheka, na hilo pia unaweza kumwambia Mama, lakini usiongeze la kwako.

Sasa la kwangu la kuomba radhi. Ukurasa wa mwisho, baada ya dua, sahani zinagawiwa. Watu bado hawajamtambua Sijaona. Anayemtambua ni mwanamke anayepakua kwenye sufuria. Anamwona mtoto amelowa, na anamletea sahani. Nilipofika kwenye uso wa mwanamke huyo, mkono wangu ulichora Bi Siti. Nilitazama picha ile ya harusi ya Mama, ambayo Bi Siti amesimama pembeni na upawa. Macho nimeyaacha madogo, kama yalivyokuwa. Sikukuomba ruhusa, na ukisema niufute nitaufuta.

Kiputo cha maneno yake nimekiacha kitupu. Niliondoka Buja nikiwa mdogo, sikumbuki alivyokuwa anasema. Nikitia maneno yangu atakuwa mtu mwingine.

Hiba


Buyenzi, 1 Novemba 2024

Mwanangu Hiba,

Sote wazima, alhamdulillah. Mama yako amepata habari ya kicheko na amekwisha kuitangaza mpaka sokoni. Mimi sikuongeza la kwangu, aliongeza yeye. Salvator amekuja kuchukua kurasa, nikamwambia asubiri kesho.

Nilizisoma kuanzia kulia, polepole. Mtoto alipopanda na ile friji nilifurahi, na mara hii nilijiruhusu. Kwenye ile amina nilicheka peke yangu chumbani. Kisha nikafika ukurasa wa mwisho, nikauweka chini, nikaenda kunywa maji, nikarudi.

Usiufute. Ni yeye. Hata upawa anaushika vile, kwa ncha, kana kwamba unaunguza. Nimekaa naye tangu alasiri. Nilimsomea kitabu kizima kwa sauti, tangu mgahawani mpaka hapo alipo yeye mwenyewe, na Mama yako akaufunga mlango taratibu, akawaambia watu nimelala.

Kiputo nimekijaza kwa penseli, wewe utatia wino. Mwanzo niliandika maneno mengi, ukurasa mzima wa mapenzi na hekima. Siti angeuchambulia mchele kwa kelele. Nikafuta. Andika hivi:

"Kula kwanza. Kisha utatwambia ulikuwaka wapi."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniambia kila nikichelewa kurudi kutoka bandarini. Na nikimaliza kula, alikuwa haulizi tena.

Mjomba wako,
Obeid, baba Sijaona